Kupanua mtandao wa nyumbani: anza na swichi na waya

Ruta ya kampuni ya intaneti hubaki sebuleni pale fundi alipoiweka, na wanaokaa vyumba vya nyuma au boizi kota huambulia mstari mmoja wa Wi-Fi. Nyumba zetu nyingi hapa Kampala na Entebbe ni za matofali, na mawimbi ya gigahezi 5, yale yenye kasi, ndiyo yanayokwama zaidi ukutani. Usikimbilie ruta yenye antena sita. Hata ikirusha mbali, simu yako nayo inapaswa kuijibu, na simu haina nguvu hiyo.

Chaguo langu la kwanza, tena kwa mbali, ni swichi ya gigabiti (megabiti 1000 kwa sekunde), yaani kisanduku cha kugawa mtandao kwa waya, yenye matundu matano au manane. Haitaki mipangilio: waya mmoja utoke kwenye ruta, mingine iende kwa televisheni na kompyuta, na Wi-Fi ibaki ya simu. Soma boksi kabla ya kulipa. Palipoandikwa 10/100/1000 ni gigabiti. Ikiishia 10/100, kila tundu halivuki megabiti 100 kwa sekunde. Swichi za TP-Link TL-SG1005D na TL-SF1005D zinatofautiana herufi moja tu, na ya F ndiyo ya polepole. Muuzaji akikuambia zote ni sawa, nenda duka la pili.

Kwenye waya ndiko watu wanakopunjwa zaidi. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e, ukiwa halisi wa shaba, hupitisha gigabiti hadi mita 100, lakini roli nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Omba kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, rudisha.

La pili ni ruta ya ziada, hata ya zamani, iliyounganishwa kwa waya. Zima DHCP yake (kazi ya kugawia vifaa anwani za mtandao), ipe anwani isiyogongana na ile ya kwanza, chomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si WAN (la intaneti).

Meshi, yaani vituo kadhaa vya Wi-Fi vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, naiweka ya tatu. Inamfaa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta, lakini ni ghali, na bila waya kila kituo hupunguza kasi.

Vifaa vya kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme sivishauri kwa boizi kota yenye mita yake ya Yaka (umeme wa kulipia kabla). Mawasiliano mara nyingi huishia njiani. Ekstenda, kifaa cha kurudia mawimbi ya Wi-Fi, ni ya mwisho kabisa: nyingi hupokea na kurusha kwa redio ileile, kasi ikashuka karibu nusu.

Tenga pia pesa ya UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta, ukilinganisha volti zilizoandikwa kwenye adapta: ruta nyingi ni 12, swichi ndogo mara nyingi 5 au 9. Na kwa radi za huku kando ya ziwa, nyumba mbili ziunganishwe kwa faiba (waya wa kioo unaopitisha mwanga), maana shaba hupitisha radi hadi kwenye swichi hata plagi ikiwa imechomolewa.