Kozi ya Makuzi ya Binadamu Inayochoka Kabla ya Uzee: Tathmini

Kozi hii ya mtandaoni ya utangulizi wa saikolojia ya makuzi ina masomo 12 ya video, na inajitangaza kwamba inamfuata binadamu tangu mimba hadi kifo. Nimeisoma yote na kufanya mtihani wake wa mwisho, na ninaona kuwa ahadi hiyo imetimizwa nusu tu. Somo la kwanza linahusu mbinu za utafiti, 8 yanayofuata yanaishia mtu anapotimiza miaka 18, na miongo yote iliyobaki ya maisha yake imebanwa katika masomo 3.

Sehemu ya utoto ni nzuri kwelikweli. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, huwa anafundishwa kama orodha ya hatua 4 za kukaririwa, lakini hapa mwalimu anaanza na mtoto mwenyewe: maji yanamiminwa kutoka bilauri pana kwenda bilauri nyembamba mbele ya macho yake, naye anashikilia kwamba yameongezeka. Ndipo tunaelezwa kwamba mtoto huyo ameukazia macho urefu wa maji peke yake, akausahau upana, wala hawezi bado kulirudisha tendo nyuma akilini. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba Piaget haachwi bila kuhojiwa. Yeye aliamini kuwa mtoto mchanga hutambua polepole sana kwamba kitu kilichofichwa bado kipo, kwa sababu alipima kwa kutazama kama mtoto ananyoosha mkono kukitafuta; Renée Baillargeon, katika miaka ya 1980, alipima muda wa kutazama badala ya mikono, akaona kwamba watoto wa miezi 5, na hata wadogo zaidi, hulikodolea macho kwa muda mrefu tukio lisilowezekana, kana kwamba wanajua kuwa kitu kilichofichwa bado kipo. Mwanafunzi anaelewa hapo kwamba umri tunaoutaja kwa uhakika hutegemea pia kipimo tulichokitumia.

Somo la kifungo cha kihisia kati ya mtoto na mlezi nalo limefundishwa kwa uangalifu, hasa pale linaposisitiza kwamba katika jaribio maarufu la Mary Ainsworth jambo la kutazamwa zaidi si kilio cha mtoto mama anapotoka chumbani, bali namna anavyompokea anaporudi. Nina lalamiko moja. Kozi inaanza habari za Ainsworth Marekani, ilhali uchunguzi wake wa mwanzo aliufanya Uganda katikati ya miaka ya 1950, akiwatembelea akina mama na watoto wao majumbani. Kuiacha Uganda kunamfanya msomaji adhani kwamba nadharia hii ilizaliwa ndani ya maabara. Lev Vygotsky amepewa dakika chache, nazo zinatosha kwa wazo lake la kile ambacho mtoto hawezi kukifanya peke yake lakini anakimudu akisaidiwa.

Kasoro kubwa inaanzia somo la 10, na inaudhi kwa sababu kozi inapingana na mafundisho yake yenyewe. Somo la kwanza lilitueleza vizuri kwamba ukiwapima siku moja watu wa miaka 25 na wa miaka 70, hujapima umri peke yake. Umepima pia tofauti za shule, lishe na afya walizokulia (Kiswahili kina neno «rika», ambalo lingetosha kulieleza jambo hili lote, ila mwalimu hakulitumia). Halafu, katika somo la 10, tunaonyeshwa mchoro wa uwezo wa akili unaoteremka tangu ujanani, uliopatikana kwa njia hiyohiyo, bila tahadhari hata moja. Utafiti wa Seattle ulioanzishwa na K. Warner Schaie mwaka 1956, ambao uliwafuatilia watu walewale kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba kwa wastani uwezo mwingi haushuki kwa kiasi cha kutajika kabla ya miaka 60 hivi. Haukutajwa kabisa.

Hatua ambazo mwanasaikolojia Erik Erikson alisema mtu hupitia katika utu uzima zinasomwa haraka kama matangazo, na Paul Baltes, mtafiti wa uzee ambaye bila yeye ni vigumu kuizungumzia saikolojia ya maisha yote, hayupo. Mfano aliopenda kuutoa wa mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye uzeeni alichagua vipande vichache, akavifanyia mazoezi zaidi, na kupunguza mwendo kabla ya sehemu za kasi ili kasi hiyo isikike, ungefundisha mengi kuliko ule mchoro. Kozi imeshikilia samaki mkunje angali mbichi, kana kwamba aliyekomaa hana tena cha kujifunza. Hata somo la kifo linazitumia hatua 5 za daktari Elisabeth Kübler-Ross, kuanzia kukana hadi kukubali, kama ngazi ambayo kila mfiwa hana budi kuipanda, ilhali mwaka 1969 aliziandika kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokaribia kufa wenyewe.

Mtihani una maswali 40. Niliyoyahesabu kuwa yanamhusu mtu aliyevuka miaka 40 ni 3. Mwalimu wa chekechea au mzazi wa mtoto mchanga atapata humu anachokihitaji. Mimi nilijiandikisha kwa sababu ninamtunza mzazi mzee, na somo lililonifaa zaidi lilikuwa lile la kwanza, la mbinu za utafiti.