Katuni ya Gazetini na Tahariri: Ipi Humfikia Msomaji?

Kwenye meza ya magazeti pale Mwanga, Kigoma, wengi husoma wakiwa wamesimama, bila kununua, na jicho hutua kwanza kwenye katuni. Tahariri hudai utulivu: hujenga hoja, hutaja sheria, na anayeipinga anaweza kuijibu aya kwa aya. Katuni humvimbisha mkubwa tumbo, humvika mwananchi kaptura yenye viraka, kisha humwachia mtazamaji amalizie maana mwenyewe, na kicheko kikishamtoka, amekwisha kukubali nusu ya hoja. Gado, Mtanzania aliyeanza kuchorea Daily Nation la Kenya mwaka 1992, alitumia lugha hiyo isiyohitaji mkalimani.

Hata hivyo, katuni haijui kusema “isipokuwa”. Kwa bajeti au mkataba wa bandari, mimi huifuata tahariri, hata ikinichosha (na mara nyingi hunichosha). Tena mchoro huzeeka haraka: gazeti la mwezi uliopita likifungiwa dagaa sokoni, tahariri yake bado hueleweka, ilhali katuni humlazimu mtu kuuliza, “Huyu aliyepanda punda alikuwa nani?”