Fundi wa kukagua nyaya za nyumba: nilichokiona nilipomwita

Pasi ndiyo iliyoanzisha yote haya. Nilinyoosha mashati mawili, nikaenda kuichomoa, vidole vikakutana na plagi yenye moto wa kunifanya niiachie. Nikailaumu pasi, nikanunua nyingine. Wiki haikuisha, plagi ya pasi mpya nayo ikawa vilevile. Pasi mbili haziwezi kuumwa ugonjwa mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kuitazama soketi.

Kusema kweli dalili zilikuwapo siku nyingi. Jikoni kulikuwa na harufu kama ya samaki aliyelala. Nimesafisha friji mara mbili, nimeosha pipa la taka, harufu inapotea kisha inarudi jioni tukiwasha birika la umeme. Swichi ya korido ilikuwa ikilia "zzz" kwa mbali. Friji nalo lilikuwa likinitekenya vidole nikiligusa nikiwa peku, nami nikajifunza kuvaa ndala kabla ya kulifungua, kana kwamba hilo ndilo suluhisho!

Halafu breka ya soketi za jikoni, ile swichi ya kwenye bodi inayokata umeme yenyewe ukizidi, ikaanza kujikata. Nilimwita fundi wa karibu, akatoa ile ya ampea 20 akaweka ya 32, akasema haitakata tena. Kweli haikukata. Nikamsifu.

Fundi wa pili, huyu ninayeandika maoni haya kumhusu, ana leseni na kazi yake kubwa ni ukaguzi. Alipofungua kifuniko cha bodi ya umeme aliiona hiyo breka akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni nani aliyeiweka. Akanieleza kwamba breka ipo kulinda waya, si birika wala pasi. Waya wa laini ile ya soketi za jikoni ni wa milimita 2.5 za mraba, nayo ni laini inayokwenda moja kwa moja bila kuzunguka na kurudi kwenye bodi. Tukapiga hesabu pamoja: birika la wati 2,000 na pasi ya wati 2,200 kwa umeme wa volti 230 zinavuta zaidi ya ampea 18. Ongeza kitu cha tatu, umeshapita 20. Breka ya zamani ilikuwa inakata kwa haki yake. Ile ya 32 ingeuacha waya uendelee kuchemka ndani ya ukuta bila kusema lolote.

Soketi ya pasi aliifungua mbele yangu, umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu na yeye akiwa ameshapima kuhakikisha. Mgongo wa plastiki ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Aliweka bisibisi kwenye skrubu ya waya wa laivu, yaani ule unaoleta umeme, ikazunguka karibu duru nzima kabla ya kukaza. Ganda la waya pale mwishoni lilimomonyoka alipoligusa kwa ukucha, kama biskuti. Kumbe ni skrubu iliyolegea tu: umeme ukipita mahali palipolegea panapata joto, joto linazidi kulegeza, na plastiki inayoungua ndiyo inayotoa ile harufu ya samaki. Nililiosha friji bure.

Kilichonishawishi zaidi ni vipimo. Mimi nina testa yangu ya bisibisi, na kwa miaka nilidhani taa yake ikiwaka basi soketi ni nzima. Testa inakuambia laivu ipo, basi. Haikuambii kwamba tundu la tatu, la ethi, yaani la waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, halijaunganishwa na kitu. Kwangu soketi nne zilikuwa hivyo, pamoja na ya friji. Hiyo ndiyo sababu ya kutekenywa. Alitumia pia ile mashine mafundi wanayoiita mega: ukishachomoa kila kitu, inasukuma volti 500 kwenye nyaya kuona kama maganda yanavujisha. Anataka isome angalau megaomu 1; namba ikiwa ndogo, maganda yanavujisha. Laini ya jikoni ilisoma 0.3. Tulipanda darini tukakuta kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu iliyokwisha kukauka na kuachia.

Kwenye bodi kuna breka yenye kitufe cha kujaribia, ile inayotakiwa kukata umeme ukivuja kiasi cha miliampea 30 hivi ili mtu asife. Nilikuwa sijawahi kukibonyeza. Alikibonyeza, haikukata. Ameibadilisha.

Sasa malalamiko. Alichelewa kwa muda wa saa tatu bila kupiga simu. Ukaguzi na matengenezo ni malipo mawili tofauti, na hilo nililijua kazi ikiwa katikati. Uliza kabla hajafungua begi lake. Ametoboa ukuta kupitisha waya mpya wa jikoni na kuziba si kazi yake, kwa hiyo nina mfereji wa vumbi kuanzia dari hadi kwenye meza. Ripoti ya maandishi nilimkumbusha mara mbili ndipo akaituma, ingawa ilipofika ilikuwa nzuri, kila soketi na kipimo chake.

Nilichompendea ni kwamba hakunitisha. Nilimwuliza kuhusu taa kufifia nukta moja friji linapoanza kunguruma, nikitegemea aseme tung'oe nyaya zote. Akasema hilo peke yake halimsumbui. Angekuja mbio kwa kifuniko chenye joto, mlio, harufu, breka inayokata tena na tena au chuma kinachotekenya, na kwa harufu au moshi nizime swichi kuu kwanza ndipo nimpigie simu.

Nampa nyota nne. Ya tano inasubiri mtu wa kuziba ukuta.