Kabla hujanunua Haggard, Hope au Orczy, fungua kitabu katikati

Jamani nimechoka kutumiwa picha za kurasa ambazo nusu ya neno haionekani. Mtu kaagiza The Prisoner of Zenda mtandaoni, kalipa, kasubiri weee, kitabu kimefika jalada linang'aa, akifika katikati maneno yote ya upande wa ndani yamezama kwenye mgongo wa kitabu, hasomi mpaka akikunjue kwa nguvu, na akikikunjua gundi inaachia, kurasa zinaanza kung'oka moja moja. Halafu ananiuliza "dada, ndo vilivyo hivi vitabu vya zamani?" Hapana mdogo wangu, havipo hivyo, umeuziwa takataka.

Kwa hiyo leo naongelea riwaya za Waingereza za kati ya 1885 na 1910 hivi, zile za mapenzi na mapanga, wafalme bandia, hazina zilizofichwa, na zile za sebuleni ambako vita ni nani amuoe nani. Sitaongelea jalada zuri wala karatasi nyeupe au ya krimu, hayo utayaona mwenyewe. Mimi naangalia kitu kimoja, ukingo wa ndani, ile nafasi nyeupe kati ya maandishi na mahali kurasa zinapoungana. Watu wote wanaangalia jalada na bei, hiyo hakuna anayeiangalia, na ndo inayoamua kama kitabu utakimaliza au utakiweka chini ukurasa wa 80.

Kwanini shida iko sana kwenye vitabu hivi? Kwa sababu waandishi wenyewe wamekufa zamani, Haggard wa King Solomon's Mines na She 1925, Anthony Hope wa The Prisoner of Zenda 1933, Baroness Orczy wa The Scarlet Pimpernel 1947, hakimiliki zimeisha, yeyote mwenye kompyuta anachukua maandishi ya bure ya Project Gutenberg, ile maktaba ya mtandaoni, anayamwaga kwenye faili, anabandika picha, anauza vinavyochapwa kwa oda. Kila ukurasa unamgharimu hela, kwa hiyo anabana. Ukingo wa ndani anaufanya sawa na wa nje au mdogo zaidi, kwenye skrini unapendeza, kwenye karatasi unamezwa. Na picha za jalada ndo usiseme, The Scarlet Pimpernel hadithi yake inaanza Paris ya 1792 watu wanakatwa vichwa, mtu kaweka Mnara wa Eiffel, mnara uliomalizika 1889!

Mfano mzuri wa hasara ni King Solomon's Mines. Roho ya kitabu kile ni ramani. Mreno José da Silvestra anakufa kwa njaa pangoni mwaka 1590, anachukua kipande cha nguo, anaichora njia ya kwenda kwenye migodi kwa damu yake mwenyewe, na miaka karibu 300 baadaye ndo mashujaa wa hadithi, Quatermain, Sir Henry na Good, wanaifuata. Toleo la kwanza la 1885 lilikuwa na ramani hiyo ya rangi, unaikunjua mwanzoni mwa kitabu. Sasa hawa wa kuchapa kwa oda wengine wanaiacha kabisa, wengine wanaitandaza kurasa mbili na katikati inazama kwenye gundi, kwa hiyo ile milima miwili iitwayo Maziwa (yaani matiti) ya Sheba unaona mmoja na nusu na barabara ya Suleimani haijulikani imepita wapi. Ramani ya hazina iliyoliwa na mgongo, si bora wangekuuzia daftari.

Haya, mpangilio wangu, na ninasema wazi nina upendeleo.

Namba moja ni matoleo ya Oxford World's Classics na sibishani na mtu. Wanazo King Solomon's Mines, She, Zenda na Pimpernel, jalada laini, na nakala nilizonazo mimi maandishi yanakaa mbali na mgongo kiasi kwamba unasoma kwa mkono mmoja kwenye daladala. Gundi ndiyo, hazijashonwa, lakini gundi inayokubali kukunjuka. Halafu wana maelezo nyuma, kwenye hadithi unaona kinyota tu, ukitaka unaenda ukitaka unapita. Kwa Haggard maelezo unayahitaji, sio kwa ajili ya lugha tu, yule bwana alifanya kazi serikalini Natal na Transvaal akiwa kijana na mawazo ya kikoloni yamejaa, lazima mtu akuonyeshe nini kakiona na nini katunga. Kwenye She ndo zaidi, kuna kile kigae cha mtungi chenye maandishi ya Kigiriki ambacho kijana wa hadithi, Leo Vincey, anarithi, Haggard alihangaika nacho kweli. Matoleo ya ovyo, yale ambayo kompyuta imesoma picha za kurasa yenyewe, Kigiriki kinageuka mikwaju na alama za mshangao.

Namba mbili nitawashangaza, vitabu vya zamani vyenyewe, vya jalada gumu vya miaka ya 1900 hadi 1930. Kuanzia 1907 kampuni ya Nelson ilikuwa inatoa vidogo vya peni 7 vya kuingia mfukoni, na viko vingi bado vinazunguka kwenye mitumba ya Uingereza. Uzuri wake ni kushonwa. Kurasa zimekunjwa mafungumafungu na kupitishwa uzi, kwa hiyo kitabu kinalala wazi chenyewe na ukingo wa ndani hata ukiwa mdogo haukusumbui. Kagua tu: kifungue katikati, tafuta uzi kwenye mkunjo. Ukiona waya wenye kutu badala ya uzi, achana nacho. Harufu ya kabati utaizoea.

Tatu, Penguin Classics ya Zenda, kwa sababu moja, wameweka The Prisoner of Zenda ya 1894 na Rupert of Hentzau ya 1898 kwenye kitabu kimoja. Ukishamaliza ya kwanza, shujaa Rassendyll kavaa taji lisilo lake, kampenda Princess Flavia na kamwacha kwa heshima, na yule Rupert mshenzi mwenye sura nzuri katoroka, hautalala mpaka ujue kilichofuata. Kinene kidogo kwa hiyo pale katikati ukingo unabana, si sana.

Wachapishaji Broadview wana King Solomon's Mines na She zenye nyaraka za nyongeza nyuma, ni nzuri kwa mwanafunzi wa chuo, bei yake kwa msomaji wa kawaida ni uonevu. Matoleo ya Wordsworth ni ya bei rahisi, maandishi madogo, inasomeka, basi. Na simu yako ina Gutenberg bure, huko hakuna mgongo wa kumeza chochote.

Tena kwa watu wa huku, Allan Quatermain ya Haggard ya 1887 msiiache, akina Quatermain wanaanzia Lamu, wanapanda Mto Tana na mitumbwi, wanapigana na Wamasai kwenye misheni kabla ya kupotelea kwenye nchi ya kubuni ya malkia wawili. Na ile Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Kiswahili ya King Solomon's Mines ya Frederick Johnson ya 1929, ukiikuta kwa wauza vitabu wa barabarani, lipa kwanza kisha ndo ukague.

Sasa wauzaji. Bei njoo inbox, ya nini? Kitabu hakina hakimiliki, mwandishi halipwi, warithi hawalipwi, nalipia karatasi na wino na nauli, kwanini bei iwe siri? Waingereza wenyewe walishapitia haya, riwaya mpya moja ilikuwa inagawanywa vitabu vitatu kwa shilingi 31 na peni 6, mtu wa kawaida haziwezi, anaazima kwenye maktaba ya kulipia ya Mudie kwa shilingi 21 kwa mwaka, mpaka 1894 Mudie na mwenzake wa maktaba W. H. Smith wenyewe wakachoka wakabana wachapishaji, na ndani ya miaka michache tu riwaya ikawa kitabu kimoja shilingi 6. Lakini angalau zile shilingi 31 zilikuwa zimeandikwa hadharani!

Na kuna hawa wa "toleo la kwanza, nadra sana". Kila kitabu chenye jalada limefifia kwao ni toleo la kwanza. Zenda ya kwanza ni ya Arrowsmith, Bristol, 1894. King Solomon's Mines ya kwanza ni ya Cassell, 1885. Mwombe picha ya ukurasa wa jina la kitabu, na picha nyingine ya katikati kikiwa kimefunguliwa mezani bila kushikwa na mkono. Akikuletea tena picha ya jalada, hamia kwa muuzaji mwingine.