Zeze la kopo nililonunua Lamu: je, lina sauti?

Salaam alaykum watazamaji wangu. Leo niko barazani hapa Mkunguni, ngome iko nyuma yangu, na mkononi nina zeze la kopo. Subirini... punda apite kwanza. Haya, pita bwana.

Hili nimelinunua Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Bei ilianza 1,500, tukavutana mpaka 800. Tazameni kwa karibu. Tumbo ni kopo la mafuta ya kupikia. Shingo ni ufito wa mkoko, wa aina ile ile wanayojengea mapaa. Uzi ni mshipi wa kuvulia, mmoja tu, na huku juu kuna kigingi cha kukazia. Sasa oneni hiki kijipande chekundu kwenye kitako cha kopo, kinachouinua uzi. Hiki ni kipande cha champali, yaani kandambili ya mpira.

Sikilizeni. Dub. Dub. Mmesikia? Kama mtu anayegonga mto. Hapa siongezi chochote, ni simu tu nimeielekeza kwenye mdomo wa kopo.

Nikajiuliza, tatizo ni uzi au kopo? Wala si uzi wala si kopo. Uzi ukitikisika, mtikisiko hauna budi kushuka hadi kwenye bati, na bati ndilo linalopaza. Mpira wa champali umekaa katikati unaumeza. Basi nikaung'oa, nikapasua kifuu cha nazi kutoka jikoni kwa mama, nikakisugua kwa msasa, nikakiweka mahali pake. Sikilizeni tena. Tiiing! Zeze ni lile lile, jamani.

Nilimrudia fundi. Akalipiga, akacheka. "Mwanangu, wageni huulizia champali." Namwelewa. Tangu Flipflopi, dau la plastiki lililofunikwa kwa champali kuukuu zipatazo elfu 30, lizinduliwe hapa mwaka 2018 na kusafiri hadi Unguja mwaka uliofuata, champali imekuwa na jina. Ila daulini champali ni vazi la nje, haiombwi kuimba. Kwenye zeze inaombwa.

Mkitaka kujua kopo linaweza kufika wapi, tafuteni Staff Benda Bilili, bendi ya Kinshasa. Kijana wao Roger Landu alijitengenezea satongé: kopo na waya mmoja, na aliupiga mpaka unadhani ni gitaa la umeme. Mimi nililirudia lile pigo lake mara nne usiku mmoja, nikakatazwa na jirani.

Kasoro nyingine: mshipi mpya hulegea. Siku mbili za mwanzo nilikaza kila nusu saa, na jua la mchana likalegeza tena. Mazeze yaliyopakwa rangi nzito kwenye kitako msinunue, ni ya kutundika ukutani tu.

Kwa 800, nachukua. Vifuu ninavyo vitatu vilivyobaki, kesho najaribu kile kinene.