Fundi bomba kwa kazi ya gesi hapa Mbeya: mkono upo, kipimo hakuna

Mbeya mafundi bomba hawaadimiki. Simama mbele ya duka lolote la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, uliza, na dakika tano hazitaisha kabla hujaonyeshwa kijana mwenye begi na paipu renchi. Kwa choo, sinki na tenki la maji, wengi wao wanaijua kazi. Kwa gesi inayovuja, mkono wanao, kipimo hawana. Waite, lakini ujue unachowaitia.

Sababu ni malezi ya kazi. Maji yakivuja yanajisema: ukuta unalowa, rangi inabanduka. Gesi haionekani, na pua ikikaa nayo kwa muda inaizoea. Fundi aliyelelewa na maji huja na dawa za maji: tepu nyeupe, kukaza mpaka mishipa itoke, na bomba la PPR.

Tuanze na tepu, maana ndiyo anayoitoa kwanza. Kwenye maungio mengi ya jiko la nyumbani, kinachozuia gesi si nyuzi (ile mizunguko ya skrubu kwenye nati), ni oringi, yaani pete ya mpira, au midomo miwili ya chuma inayobanana. Ukizungusha tepu hapo unazizuia nyuzi zisifike mwisho wake, na uvujaji unabaki palepale au unazidi. Tepu ina kazi kwenye bomba la chuma ambalo nyuzi zenyewe ndizo zinazoziba, na hapo inatakiwa ile nene ya njano ya gesi, si ile nyembamba ya maji. Kukaza nako kuna balaa lake: oringi iliyopondwa hairudi umbo. Na nati nyingine za gesi hukazwa kinyume. Ukiona zina mikato midogo kwenye pembe, usimwache mtu aning'inie kwenye spana kuelekea upande wa kawaida.

PPR tusiizungumze sana. Ni bomba la maji, plastiki inayolainika kwa joto. Fundi akisema atalipitisha ukutani kutoka kwenye mtungi ulio nje hadi jikoni, kataa. Tumia shaba, bila kiungo chochote kilichofichwa ndani ya ukuta.

Sehemu ambayo wengi huifanya vizuri ni mpira. Mpira wa gesi huanza kupasuka kwenye ncha zake mbili, pale unapovalishwa kwenye pua ya regulata (kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza presha) na ya jiko. Kama katikati bado ni laini, ukiukunja hauonyeshi nyufa na tarehe iliyochapwa ubavuni haijapita, fundi anakata sentimita mbili au tatu za ncha na kuuvalisha upya. Kama una nyufa mwili mzima, au panya ameuonja, ubadilishwe wote. Urefu usizidi mita moja na nusu, na usipite nyuma ya jiko penye moto. Akihangaika kuuvalisha, ncha ichovywe kwenye maji ya moto, isibabuliwe kwa kiberiti. Halafu klipu ya skrubu kila upande. Waya wa kufungia nondo, ambao wapo wanaoutumia kwa kujiamini kabisa, unaukata mpira taratibu kama uzi unavyokata sabuni.

Tukiwa kwenye sabuni: kuna ufundi wa mtaani wa kupaka sabuni ya mche kwenye mdomo wa mtungi, harufu ikapotea, fundi akalipwa. Sabuni ikikauka inapasuka. Kama gesi inatoka kwenye vali ya mtungi wenyewe, hiyo si kazi ya fundi bomba hata kidogo. Mtungi ni mali ya kampuni. Unarudishwa kwa wakala, ukiwa umesimama wima, na wakati unasubiri usafiri unakaa nje, mbali na moto na mbali na mitaro. Fundi mwaminifu atakwambia, "Mama, huu mrudishe ulikoununua," na atastahili nauli yake kwa neno hilo tu.

Sasa kipimo. Kijiko cha sabuni ya maji kwenye nusu kikombe cha maji, brashi au sponji. Vitufe vya jiko vyote vimefungwa, mtungi umefunguliwa. Anapaka kila kiungo kimoja baada ya kingine: mdomo wa mtungi, regulata, ncha mbili za mpira, mwanzo wa bomba la jiko, mashina ya koki. Kila mahali anatazama dakika nzima, kwa sababu tundu dogo hulea povu polepole. Fundi anayepaka na kuondoka hajapima.

Kwa nyumba yenye bomba la ukutani, povu halitoshi, kwani haliwezi kufika ndani ya plasta. Hapa ndipo tunapowashangaa, maana kipimo wanacho begini: mpira wa levo, ule unaoonyesha ndani ambao waashi hutumia. Unafungwa kwenye ubao kwa umbo la U, kila mkono sentimita 50, unajazwa maji hadi nusu. Ncha moja inaunganishwa kwenye nozo ya jiko, yaani kitundu gesi inapotokea, na koki yake inafunguliwa. Nyingine inabaki wazi. Regulata nyingi za nyumbani hutoa presha ya karibu milibari 30, yaani maji ya upande mmoja yatasimama juu ya mwenzake kwa sentimita 30 hivi. Funga mtungi, acha dakika tano bomba litulie, weka alama ya kalamu, kisha ngoja dakika kumi. Maji yakishuka chini ya alama, kuna tundu. Usijaribu hivyo kwenye regulata ya presha kubwa ya mgahawa. Maji yote yatakurukia usoni.

Kwa hiyo swali la simu, kabla ya bei, ni moja: "Fundi, utapima kwa nini?" Akijibu povu au mpira wa levo, mwite. Akijibu kwamba ananusa tu, ana uzoefu, tafuta mwingine. Akitaja kiberiti, kata simu.

Kuna malalamiko mengine ya Juni na Julai ambayo hayana uhusiano na uvujaji. Baridi ya Mbeya asubuhi hupunguza presha ndani ya mtungi, hasa uliokaribia kuisha, na Njombe na Makete hali ni zaidi. Moto unakuwa mfupi, fundi anauza regulata mpya, saa sita mchana jiko linawaka vizuri na sifa anachukua yeye. Pima povu kwanza. Na msimu huohuo madirisha yamefungwa, jiko la mkaa limeingizwa ndani, wakati gesi ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni, urefu uleule wa mkaa.

Kabla fundi hajafika: funga mtungi, zima moto wowote, usiguse swichi hata ya kuzima, fungua milango, pigia simu nje. Gesi ikigoma kufungika, namba ni 114, Zimamoto.

Kwenye malipo, tenga ufundi na vifaa, na vifaa vije na risiti ya duka. Mpira mpya uandikwe tarehe ya kufungwa kwa kalamu isiyofutika. Ule wa zamani ukatwe vipande mbele yako kabla haujaingia begini, maana mpira mzima uliochakaa hufutwa vumbi na kufungwa kwa mteja mwingine.