Duka la dawa lililokataa kuniuzia, Ngamiani Tanga

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya benchi, nitafika huko.

Mimi ni fundi baiskeli, miaka 58, na nina presha. Hospitali walinipa amlodipini, kidonge kimoja kila asubuhi, nami nakimeza bila kukosa. Mwezi wa Rajabu mpwa wangu aliyeko Maskati akanitumia kopo la unga wa asidi amino. Limeandikwa arjinini na sitrulini, na lina picha ya kijana mwenye kifua kama mlango wa Kizanzibari. "Mjomba, hii inasukuma damu, utarudi ujana," akaniambia kwenye simu.

Nikaanza vijiko viwili kwa siku. Nikaongeza vitunguu saumu vya kutafuna, na choya, ile juisi ya rosela, bilauri asubuhi, bilauri jioni. Halafu, nisiwe mnafiki, kuna muuzaji wa kutembeza aliyenipa mizizi iliyosagwa ndani ya chupa ya maji, shilingi 10,000, dawa ya heshima ya ndoa. Hakuniuliza kama naumwa. Alisema tu, "Hii miti mitupu mzee, haina madhara."

Siku ya tatu nilikuwa nimepiga goti nakaza spoku za mteja. Kuinuka, dunia ikazunguka. Nikashika fremu, mimi na baiskeli tukaenda chini pamoja. Mteja alicheka kwanza, kisha akaona mwenzake sicheki.

Nikadhani ni uchovu. Nikaenda kutafuta vitamini kwenye duka hili, mwendo mfupi kutoka soko la Mgandini. Kibao chake kimefifia, utalipita usipoangalia. Anayeuza ni binti mfamasia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nipe vidonge vya nguvu."

Hakugeukia rafu. Akauliza tangu jana asubuhi nimeingiza nini na nini tumboni, na miti pia niitaje. Nikataja dawa ya presha, nikanyamaza. Akasubiri. Nikataja kopo. Akasubiri tena. Nikaitaja chupa kwa sauti ya chini, maana nyuma yangu alisimama mkwe wa jirani yangu.

Akanifunga mkanda wa mashine: 94 kwa 58. Mimi niliyezoea kugombezwa kwa 160!

Alivyonieleza ndivyo ninavyowalipia nyota zao. Mwili huitumia arjinini kutengeneza naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu. Sitrulini nayo figo huigeuza ikawa arjinini, kwa hiyo kopo lile lilikuwa linapigilia msumari mmoja kwa nyundo mbili. Amlodipini hulegeza mishipa kwa njia yake. Choya hushusha presha, na saumu hushusha kidogo. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni sumu, ila mimi nilivialika vyote kwenye sahani moja.

Chupa ndiyo iliyomkunjisha uso. Alisema dawa za nguvu za kiume zinazouzwa kwa jina la mitishamba zimewahi kupimwa maabara katika nchi nyingi, na baadhi zikakutwa zimetiwa sildenafili, dawa ya hospitali, bila kuandikwa popote. "Simtuhumu aliyekuuzia, baba. Chupa hii sijaipima. Lakini na wewe hujaipima." Sildenafili nayo hupitia mlango uleule wa naitriki oksaidi. Na mgonjwa wa moyo anayetumia naitreti, vile vidonge vya kuweka chini ya ulimi, akiichanganya na sildenafili presha yake inaweza kuporomoka mpaka ikamuua.

Basi, nikasema, kopo nimpe kaka yangu, yeye alipata mshtuko wa moyo mwaka jana na damu yake inahitaji kusukumwa. Binti aliruka kama nimemkanyaga. Akafungua simu akanionyesha: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 153 waliokuwa wametoka kupata mshtuko wa moyo. Ulisimamishwa kabla ya wakati. Katika waliopewa arjinini walikufa sita; katika waliopewa vidonge vya kulinganishia, visivyo na dawa ndani, hakufa hata mmoja. Nilikaa kimya. Kaka yangu ndiye aliyenilea.

Vitamini sikuuziwa. Niliambiwa niache kopo na chupa, niendelee na amlodipini nisibadili dozi yake mpaka daktari aseme, na akaniandikia karatasi ya vipimo nimpelekee siku ileile. "Usije ukaacha ya daktari ukabakiza ya mpwa," akasema. Siku nyingine nikitaka kujaribu kirutubisho, nikilete kwanza kisomwe, nianze na kimoja tu, nikae nacho wiki mbili nikiandika presha kwenye daftari kabla ya kufikiria cha pili. Hata saumu ya vidonge niitaje kwa daktari kabla ya upasuaji wowote, kwa kuwa inaweza kuchelewesha damu kuganda.

Baada ya siku saba nilirudi na kopo lenyewe. Akaligeuza nyuma, kwenye maandishi ya sisimizi, akakuta na kafeni humo. Kumbe ndiyo maana nilikuwa nasikia adhana ya alfajiri kila siku sijalala! Presha ilisoma 128 kwa 80. Hakunitoza hata senti.

Sasa kasoro. Akikuhoji wewe robo saa, walioko nyuma wanasimama juani, benchi hakuna, na mimi magoti yangu ya ufundi hayataki kusimama. Pazia pia hakuna, kila unalosema linasikika mpaka kwa muuza mihogo. Hufunga magharibi, na kurudi kwao ni saa mbili kasoro. Sabuni na dawa ya meno ni ghali kidogo kuliko madukani.

Yule mkwe wa jirani hajanitazama usoni tangu siku ile. Wekeni pazia jamani.